Mfereji uliobaki mtupu: viwavijeshi vamizi walivyoingia katika shamba moja la mahindi

Mfereji ulichimbwa vizuri. Ulifuata mpaka wote wa mashariki wa shamba, kina chake kilimfika mtu katikati ya muundi, na ukuta wa upande wa mahindi ulisimama wima ili kiwavi akitumbukia asiweze kupanda tena. Mama mwenye shamba aliuchimba kwa siku mbili akisaidiwa na wanawe. Juu ya hapo alikuwa amepiga dawa mistari mitatu ya kwanza kutoka mpakani. Nilipofika alinipeleka pale moja kwa moja, hata kabla hatujayatazama mahindi yenyewe. Tukainama, tukaangalia chini: mbawakawa wawili, vijidimbwi vya mvua ya jana, majani makavu. Kiwavi hakuna hata mmoja.

Akanishika mkono, tukaingia ndani ya shamba hatua kama hamsini, akafungua moyo wa mhindi mmoja kwa vidole viwili. Moyo ni pale juu, majani machanga yanapochomoza yakiwa bado yamejiviringa. Ndani kulikuwa na uchafu kama unga wa mbao uliolowa, na chini ya uchafu huo kiwavi wa kahawia amejikunja.

"Bwana shamba," akaniuliza, "hawa wanapitia wapi?"

Kisa hiki chote ni jibu la swali hilo. Nakieleza kwa urefu kwa sababu msimu hadi msimu naona swali lenyewe likirukwa. Watu huuliza ni dawa gani, kipimo gani, ipigwe mara ngapi. Ni wachache wanaouliza mdudu amefikaje kwenye shina hili na ametoka wapi, ilhali hapo ndipo panapoamua kama mfereji utafaa, kama dawa itafaa, au kama mikono mitupu ingetosha.

Hoja ya mama

Jirani wa upande wa mashariki alipanda wiki tatu kabla yake. Mahindi ya jirani yakaanza kutobolewa mapema, mama akiyaona kila siku apitapo. Ya kwake yalipofika goti, ikiwa ni wiki ya tano tangu kupanda, naye akaanza kuona matundu. Akaunganisha mambo: aliyeanza ni jirani, aliyefuata ni yeye, na kati yao kuna mpaka tu. Tena mdudu mwenyewe anaitwa kiwavijeshi, na jeshi huenda kwa miguu. Basi akaziba njia.

Sikumwona mjinga hata kidogo. Angekuwa anapambana na kiwavijeshi wa tangu zamani wa Afrika, Spodoptera exempta, mfereji wake ungekuwa silaha ya kweli. Viwavi hao wakizaliwa wengi mahali pamoja hubadilika tabia na rangi. Badala ya kuwa wa kijani na kujitenga, huwa weusi, hula mchana kweupe, na wakimaliza majani ya mahali walipo huondoka pamoja wakitambaa ardhini hadi kwenye malisho au shamba la pili. Shamba lililoingiwa nao halihitaji mtaalamu kulisoma. Ukingo huliwa hadi ubaki uti wa jani, na mstari wa uharibifu husogea ndani siku baada ya siku. Hapo ukuta wima wa mfereji huwakusanya chini, nawe unawamalizia humo humo.

Lakini aliyekuwa moyoni mwa ule mhindi alikuwa mwingine. Nilimtoa nikamweka kiganjani. Usoni mwake kulikuwa na alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa kama pembe nne za mraba. Huyo ni Spodoptera frugiperda, kiwavijeshi vamizi. Ni wa jamii moja na yule wa kwanza, wamechangia jina, ila mwendo wao ni mbali na mbali. Ni kweli kwamba hata huyu, akizaliwa kwa wingi uliopita kiasi na chakula kikaisha, huweza kuhama kwa makundi, na ndiko alikopatia jina la jeshi. Katika shamba la mahindi ambalo bado lina majani ya kutosha, sivyo anavyoenea. Jina ndilo lililompoteza mama, na nina hakika si yeye peke yake.

Kulisoma shamba kwa vijiti

Nilimwomba tuache mpaka kabisa na tutembee shamba zima kwa njia ya herufi W, tukisimama mahali patano, mashina kumi kila mahali. Hii ni njia ya kawaida ya kukagua, na faida yake ni kwamba inakulazimisha ufike hata pale ambapo macho hayakuvutwa na uharibifu. Tuliongeza jambo moja. Mama alibeba mzigo wa vijiti, na kila tulipokuta shina lenye dalili alichomeka kimoja kando yake. Baada ya vituo vitano tukarudi kwenye kila sehemu yenye dalili tukaendelea kuchomeka hadi tulipofika kwenye mashina safi.

Tulipomaliza tukapanda kwenye kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba. Vijiti vilisema wazi. Havikujazana upande wa mashariki. Vilisimama kwa mafungu: hapa fungu, kisha mistari kadhaa isiyo na kitu, kisha fungu jingine. Kando ya mfereji palikuwa na fungu moja dogo, katikati ya shamba kulikuwa na mafungu makubwa mawili, na moja lilikuwa karibu na mpaka wa magharibi, mbali kabisa na jirani. Mdudu anayeingia kwa miguu kutoka mashariki hawezi kuruka mistari safi akaenda kuanzia magharibi. Hilo peke yake lilitosha kuuondoa mfereji katika hesabu.

Ndani ya kila fungu kulikuwa na habari zaidi. Palikuwa na shina moja lililoonekana kama chimbuko. Majani yake ya chini yalikuwa na mabaka meupe yanayopitisha mwanga, mithili ya karatasi iliyopakwa mafuta. Hiyo ni kazi ya viwavi wachanga mno, ambao hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi ya upande wa pili bila kuitoboa. Chini ya jani moja tulikuta kitu kama kipande cha sufi chafu kimegandama. Mama alidhani ni ukungu. Ni mabaki ya mayai. Nondo jike wa aina hii hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, akiyapanga tabaka kwa tabaka, kisha huyafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe.

Mashina yaliyozunguka chimbuko hilo yalikuwa na vitundu vidogo, na kadiri tulivyokwenda mbali ndivyo dalili zilivyopungua. Ila hazikupungua sawasawa pande zote. Fungu lilikuwa na umbo la tone la maji, ncha ikielekea upande ambao upepo wa alasiri huinamishia majani. Mafungu yote makubwa yalielekea huko huko.

Jambo la mwisho lilikuwa ukubwa wa viwavi. Katika fungu moja karibu wote walilingana, na katika fungu la pili walilingana pia, lakini walikuwa wakubwa kuliko wale wa kwanza kwa siku kadhaa. Wangekuwa wahamiaji waliotambaa kutoka kwa jirani, tungewakuta wamechanganyika, na hasa tungewakuta wakubwa wenye nguvu ya kutembea. Hawa walikuwa ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa siku moja, kila fungu na mama yake.

Chupa ya kioo

Nilipomweleza mama kwamba viwavi hawa husafiri hewani, alinitazama kwa huruma. Sikumlaumu. Mdudu asiye na bawa anarukaje? Bahati nzuri tulikuwa tumekuta fungu moja la mayai ambalo halijaanguliwa. Alikata kipande kile cha jani, akakitia ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akafunga kitambaa chepesi juu. Mayai haya huanguliwa baada ya siku mbili hadi nne hivi, kutegemea joto. Yanapokaribia hubadilika rangi na kuwa meusimeusi, kwa sababu vichwa vyeusi vya viwavi huanza kuonekana ndani ya ganda.

Asubuhi ya siku ya tatu aliniita. Ndani ya chupa mlikuwa na viwavi wasiozidi urefu wa milimita moja na nusu, mwili wa rangi ya maji ya mchele, kichwa kikubwa cheusi. Hawakutulia kwenye jani. Karibu wote walikuwa wamepanda juu, upande unaotoka mwanga, wamejazana kwenye ncha ya jani na kwenye kitambaa kwa ndani. Kiwavi mchanga wa aina hii hufuata mwanga na hupanda, na shambani kupanda huko humfikisha kwenye ncha ya jani la juu, mahali panapopigwa na upepo kuliko pote.

Mama alifungua kitambaa, akaitoa ile ncha ya jani nje, akaipulizia kidogo tu, kama mtu anayeondoa vumbi juu ya kitabu. Viwavi kadhaa waliachia jani. Hawakuanguka. Walibaki wananing'inia hewani, na ilibidi tugeuke kuelekea jua ndipo tukaona nyuzi, nyembamba kuliko unywele, kila mmoja ameshika wake kutoka mdomoni. Alipopuliza mara ya pili uzi mmoja ulirefuka, kiwavi akapaa upande, uzi ukakatika, akatua kwenye mkono wa gauni lake. Hakuchelewa hata kidogo. Alianza kupanda kuelekea begani.

"Kumbe wanaruka," akasema polepole, "na mabawa hawana."

Hiyo ndiyo hatua inayoamua umbo la fungu. Watoto mia na zaidi juu ya jani moja hawawezi kukaa. Chakula hakitoshi, na wakikua hulana wao kwa wao. Kutawanyika mapema ndiyo nafasi yao ya kuishi. Baadhi hutambaa tu hadi jani la shina la pili linalogusana na lao. Wengine hujiachia kwa uzi, na upepo mdogo huwasogeza mstari mmoja au michache mbele. Hawachagui pa kutua. Wengi hutua kwenye udongo mtupu, na kiwavi wa ukubwa ule hana mwendo wa kwenda mbali ardhini: jua humkausha, siafu na buibui humchukua, tone la mvua humzamisha kwenye tope. Anayebahatika kutua kwenye mhindi huteremka hadi moyoni na kujificha. Kwa hiyo unapohesabu mashina thelathini yenye dalili kuzunguka chimbuko moja, unatazama waliosalia katika msafara ulioua wengi.

Si huyu peke yake anayesafiri hivi. Viwavi wachanga wa vipekecha mabua, kama Chilo partellus, nao hupanda kuelekea moyoni mwa mmea na baadhi hujiachia kwa uzi hadi mimea ya jirani. Ndiyo maana nao huonekana kwa mafungu, miche yenye mioyo iliyokauka ikiwa imekaa pamoja. Linganisha na sota, anayekata miche usoni mwa udongo. Huyo hutembea usiku ardhini, na ukimfuata unakuta miche iliyolala chini mmoja baada ya mwingine juu ya mstari, kama nyayo. Kila mwendo una mchoro wake, na mchoro huonekana hata mdudu mwenyewe akiwa amejificha.

Usiku, na tochi

Tulirudi shambani saa tatu usiku siku hiyo hiyo. Nilitaka kuona hatua ya pili, kwa sababu kuna swali ambalo uzi haulijibu: mafungu ya viwavi wakubwa yalikuwa yamepanuka kupita umbo la tone, na kila shina lilikuwa na kiwavi mmoja, mara chache wawili. Walianza wengi kwenye shina la chimbuko. Walikwenda wapi?

Kiwavi huyu hujivua ngozi mara tano na kupita hatua sita za ukuaji, kwa muda wa siku 14 hadi 22 mahali penye joto. Kuanzia hatua ya tatu hivi hawezi tena kubebwa na uzi, ni mzito. Hukaa moyoni mchana kutwa, akitoboa majani ambayo bado yamejikunja. Jani hilo likija kufunguka huonyesha matundu yaliyopangika safu, kwa kuwa alilitoboa mara moja likiwa limekunjika mara nyingi. Usiku hutoka.

Tuliona mmoja kwa ukaribu. Alikuwa amefika kwenye ncha ya jani refu lililoinama hadi kugusa jani la mstari wa pili. Alisimama pale, akainua nusu ya mwili wa mbele na kuusogeza kushoto na kulia kama kipofu anayepapasa ukuta, akalipata jani la upande wa pili, akavuka. Haikuchukua hata dakika moja. Hakukanyaga udongo. Tuliendelea kumulika, na wengi tuliowakuta nje ya mioyo walikuwa juu ya majani, si ardhini. Mahindi yaliyofika kimo cha kugusana ni barabara kwao, na majani ya gugu refu lililosimama kati ya mistari hufanya kazi ile ile ya daraja.

Kinachowaondoa ni wenzao. Viwavi wawili wakubwa hawapatani katika moyo mmoja. Tulifungua moyo mmoja tukakuta kiwavi hai pamoja na kichwa kitupu na ngozi ya mwingine, uliobaki wote umeliwa. Anayeshindwa huliwa, na anayewahi hukimbia kutafuta shina lisilo na mwenyewe. Kwa njia hii fungu hupanuka taratibu, shina moja baada ya jingine, na ukali wake haupungui. Sehemu kubwa kabisa ya majani ambayo kiwavi hula maishani mwake huila katika hatua zake mbili za mwisho, akiwa tayari peke yake ndani ya moyo, juu yake kizibo cha kinyesi chake. Dawa inayopigwa wakati huo huishia kwenye kizibo. Nimeona watu wakirudia dawa mara tatu kwa viwavi wa namna hiyo, wakilaumu dawa, na moyo huniuma, kwa sababu siku walizokuwa wazi juu ya majani zilikwisha kupita.

Kwa jirani

Ilibaki hoja ya mama kwamba chanzo ni jirani. Sikutaka kuiacha, maana mtu aliyekosea njia si lazima awe amekosea mahali pa kuanzia. Tulimwomba jirani ruhusa tukaingia kwake. Mahindi yake yalikuwa yamechanikachanika, yale yaliyotangulia yakianza kutoa mbelewele, lakini tulipofungua mioyo viwavi hawakuwamo isipokuwa wachache sana. Uharibifu upo, mharibifu hayupo. Mama akasema, "Si nilikuambia, wamehamia kwangu."

Nikachukua kijiko cha kupandikizia miche nikaanza kufukua chini ya mashina yaliyoliwa zaidi. Kiwavi aliyekomaa hujiangusha chini, hujichimbia kiasi cha sentimita 2 hadi 8, na hugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nondo. Tulipata maganda ya pupa, mekundu ya kahawia, mepesi, yamepasuka upande wa kichwani. Maganda matupu. Waliokuwamo walikwisha kutoka wakiwa nondo.

Tukakaa kwenye kivuli tukahesabu. Mahali penye joto, tangu yai hadi nondo ni siku 30 hivi, na pakiwa na baridi huchukua siku nyingi zaidi. Jirani alisema aliona madirisha ya kwanza, yaani yale mabaka meupe ya viwavi wachanga, kwenye majani mahindi yakiwa na wiki mbili. Ongeza siku 30, kisha siku tatu au nne ambazo nondo jike huchukua kabla ya kuanza kutaga. Unaangukia siku ambazo mahindi ya mama yalikuwa na wiki nne kasoro, laini, ya kijani kibichi, yaani yale nondo huyapenda zaidi. Ongeza siku za kuanguliwa na siku chache za kukua, na unafika kwenye viwavi tuliowakuta.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki kuhusu jirani, na jirani hakuwa na kosa lolote. Waliotoka kule walitoka usiku, kwa mabawa, juu ya mfereji. Na wala si lazima wote watoke kule. Nondo wa aina hii huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo, na jike huweza kwenda hadi kilomita 500 kabla ya kutaga. Lile fungu la upande wa magharibi huenda lililetwa na mgeni kabisa.

Uwezo huo ndio uliompeleka mdudu huyu duniani. Kwao ni kwenye maeneo ya joto ya Amerika. Hana hali ya kulala usingizi wa kupitisha baridi, kwa hiyo huko Marekani hubaki hai wakati wa baridi kusini tu, Florida na Texas, na kila mwaka hupanda upya kaskazini kwa mabawa. Nondo wamewahi kufuatiliwa wakisafirishwa na upepo kutoka Mississippi hadi Kanada, kilomita 1,600, kwa saa 30. Mwanzoni mwa 2016 alithibitishwa Afrika Magharibi na ya Kati. Katika muda wa miaka miwili alikuwa ameenea karibu nchi zote za kusini mwa Sahara. Mei 2018 akaonekana India, Januari 2019 China, na mwanzoni mwa 2020 Australia. Anakula zaidi ya aina 350 za mimea, kwa hiyo popote anapotua hakosi pa kuanzia. Bahari hakuivuka kwa nguvu zake peke yake, mizigo ya mazao na vyombo vya usafiri vinadhaniwa kumsaidia, lakini akishafika bara, kinachobaki ni usiku na upepo.

Tulichobadilisha

Dawa ya mpakani ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Haikuwa na wa kumuua, na ilikuwa ikiwaua siafu na buibui ambao tuliona kazi yao. Mama alianza kuingia shambani mara mbili kwa wiki, akipita W yake, safari hii akigeuza majani badala ya kutazama mioyo tu. Kila fungu la mayai alilolikuta alilisaga kwa kidole gumba. Kidole kimoja juu ya sufi ile huondoa watoto mia kabla hawajapanda kwenye ncha ya jani, na hakuna dawa ninayoijua inayofikia wepesi huo. Mabaka ya madirisha yakionekana bila matundu, alijua msafara wa uzi ndiyo kwanza umepita, akachomeka vijiti kuzunguka lile shina na kwenda mashina kadhaa zaidi upande unakoelekea upepo, na hapo tu ndipo dawa ilipopigwa, jioni, kwenye mioyo. Walio wakubwa aliwatoa kwa mkono.

Tuliwahi pia kutia fungu la pili la mayai katika ile chupa, na hili lilitupa jambo ambalo sikulitafuta. Yaligeuka meusi kabisa, yakapita siku ya nne bila kiwavi. Kisha kitambaani tukaona vijidudu vyenye mabawa, vidogo kuliko kichwa cha pini. Ni nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. Mama aliwafungulia shambani. Kuanzia siku hiyo mafungu ya mayai meusi tii hakuyasaga tena, aliyaacha.

Kuhusu magugu tulibishana kidogo. Nilitaka palizi ya haraka ili kuondoa madaraja kati ya mistari. Yeye alisema siafu na buibui wake wanakaa humo. Naona alikuwa na hoja nzito kuliko yangu. Tulikubaliana aondoe marefu yanayofikia majani ya mahindi, pamoja na magugu ya jamii ya nyasi, ambayo kiwavi huyu huyala, na yale mafupi mapana yabaki chini.

Shamba halikupona lote. Mafungu mawili ya katikati yalikuwa yamekwisha kukomaa kabla hatujaanza. Mbelewele zilipochomoza ziliwasukuma viwavi nje ya mioyo, kwa kuwa hapo moyo hufunguka na maficho hayapo tena. Walishuka kwenye makwapa ya majani, wengine wakaingia mahindi machanga kupitia ndevu na wengine wakatoboa maganda ubavuni. Tuliyakuta baadaye, yamelika vichwani, mengine yameoza pale maji yalipoingia. Lakini uharibifu haukutoka nje ya vijiti vya mwanzo kwa mbali, na mahindi ya mistari iliyokuwa safi yalijaa.

Mama na jirani yake walikubaliana jambo moja wenyewe, kabla sijasema neno: msimu unaofuata watapanda wiki moja, ili nondo wanaotoka kwa mmoja wasikute mahindi machanga kwa mwingine.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mfereji ulikuwa umefukiwa. Mama alikuwa amechuchumaa mahali pa lile fungu la katikati, na kijiko changu mkononi, anafukua chini ya mabua. Alikuwa amepata pupa watatu, wekundu wa kahawia, wazito, hawajapasuka. Aliwaweka kiganjani, akamgusa mmoja kwa ncha ya jani. Mkia wake ukajipinda upande mmoja, ukarudi upande wa pili.

"Huyu ataruka lini?" akauliza.

Nikaanza kumhesabia siku.